Vipande Nilivyotoa Kwenye Saa ya Arap Kirui

Jumatatu, 3 Machi

Betri nne kabla ya saa nne. Mkanda mmoja wa ngozi. Saa ya ukutani ya kanisa, ileile, imelowa tena. Wanaitundika chini ya bati linalovuja halafu wananiletea saa niitibu badala ya kutibu bati. Chai bila sukari. Najikaza.

Saa sita akaja Chelangat wa Kapsoit, binti ya Mzee arap Kirui, yule aliyefanya kazi kiwanda cha chai mpaka akastaafu. Alifungua leso, akaweka saa mezani. Niliijua kabla hajaiachilia. Saa ya Kijapani ya kuzamia majini, nzito, yenye pete ya kuzunguka ukingoni. Niliitengeneza mimi mwaka juzi. Kibet, kaka yake, aliileta kabla ya ile sherehe yao ya kumshukuru mzee.

Mzee hataki kuivaa. Tangu siku ya sherehe anasema si yake. Chelangat alinieleza akikunjakunja leso: "Mama Saa, baba amekataa kabisa. Anasema wamebadilisha. Kibet sasa anasema akili ya baba imeenda, na saa ndio proof yake."

Tarehe kumi na tano, Jumamosi, ndugu wote wanakuja kukaa kikao. Wakikubaliana kwamba mzee amechanganyikiwa, anahamishiwa Nairobi kwa Kibet, ng'ombe wanauzwa, shamba la chai linakodishwa. Mzee amewaambia akitolewa Kapsoit hatamaliza mwaka. Chelangat anaomba jambo moja kwangu. Niende nimwambie baba yake kwa upole kwamba saa ni yake, ili asiilete hiyo hadithi mbele ya kikao.

Nikamwambia aniachie niiangalie. Niliogopa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeifungua.

Ndani ya kifuniko cha nyuma kuna alama yangu, herufi mbili na mwezi wa kazi, nilizokwaruza kwa sindano. Sikuhitaji kuiona. Niliiona hata hivyo.

Uso si wake. Namba iliyo mgongoni inaonyesha saa ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Siku hizo watengenezaji walikuwa na majigambo, waliandika usoni kwamba maji hayapenyi. Baadaye wakaogopa kesi, wakaandika tu kwamba saa inastahimili maji. Uso huu una maneno ya waoga. Mgongo wa enzi moja, uso wa enzi nyingine.

Mikono pia ni mipya. Rangi yake ya kung'aa ni nyeupe kama chokaa. Niliianika juani kidogo, kisha nikajifunika koti kichwani hapo hapo kibandani nikachungulia. Inawaka kama macho ya paka. Rangi ya miaka ile ilikufa zamani, haiwaki, na huwa imegeuka kuwa kahawia. Muuza mbegu wa jirani alinikuta chini ya koti akauliza kama naomba Mungu. Ningeomba kweli.

Pete ya ukingoni ina namba nyembamba. Za zamani zilikuwa nene. Kifundo cha pembeni, kile unachovuta na kuzungusha ukirekebisha saa, kina meno makali ambayo hayajawahi kuguswa na kidole cha mtu kwa miaka. Kioo ni kipya, hicho sijilaumu, cha zamani kilikuwa na ufa. Mashine ni yake. Chuma cha mwili ni chake pia, ila nimekisugua mpaka kingo zimelainika kama sabuni iliyotumika.

Nani kafanya haya yote? Mimi.

Najua na sababu. Mteja wa hapa akileta saa kuukuu anataka irudi iking'aa, waumini waione Jumapili. Ukimrudishia inatembea vizuri lakini na uso uleule wa kahawia, anakuuliza umefanya nini sasa. Kibet alisema, "Mama, itoke kama mpya." Nikaagiza uso, mikono na pete kutoka Nairobi. Ikatoka kama mpya. Alinisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Marehemu mume wangu Osoro, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na sheria moja. Kitu chochote ukikitoa kwenye saa, mwonyeshe mwenyewe, kifunge kwenye karatasi, mkabidhi. Arap Kirui hakuwepo. Kibet alikuwa kwenye simu. Sikumkabidhi mtu karatasi yoyote.

Kwa hiyo mzee hajachanganyikiwa. Katika familia nzima ni yeye peke yake aliyeitazama saa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Wateja wawili. Sikumpigia Chelangat. Nilijiambia ni kwa sababu ya mvua. Uongo.

Alhamisi, 6 Machi

Nilifunga kibanda saa tano nikaenda Kapsoit.

Mzee alikuwa nje, amekaa kwenye stuli, anamtazama ng'ombe mmoja kana kwamba ng'ombe ana deni la maelezo. Aliniita Tapsubei. Chelangat akaninong'oneza kwamba huyo ni dada yake mzee, alikufa zamani. Aliniuliza kama mvua imenyesha mjini. Nikasema ndiyo. Nilipoanza kunywa mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, akaniuliza tena. Naandika hili ili nisijidanganye. Kuna vitu vinampotea.

Saa haijampotea. Nilimwomba anieleze saa yake ilivyokuwa. Alifumba macho.

"Yangu ilikuwa rangi ya chai. Sio hii nyeupe kama meno ya mtoto. Hii wamepatilisha, nimewaampia, hakuna anasikia."

Halafu akaeleza, na kwa robo saa nzima hakurudia neno. Kazi yake kiwandani ilikuwa kwenye majani yaliyokwisha kusagwa, yale yanayolala yakichacha hadi yageuke kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Yakiwahi kutolewa, chai ni chungu. Yakichelewa, haina nguvu. Kabla ya kupata saa alikuwa anapima muda kwa kuimba nyimbo za kanisa, ubeti kwa ubeti. Siku mama yake alipozikwa alirudi kazini akaimba polepole mno, chai ya mchana mzima ikaharibika. Meneja mzungu, badala ya kumfukuza, akavua saa mkononi akampa. Meneja alikuwa anaitumia kuhesabu hewa akizama baharini Mombasa. Arap Kirui hajawahi kuiona bahari. Aliitumia kuhesabu pumzi za majani. Majani yakishuka tu, anazungusha pete mpaka alama ikutane na mkono wa dakika, kisha anasubiri mkono utembee hadi pale hali ya hewa ya siku hiyo inapotaka. Miaka ishirini na zaidi, kila siku, kwa vidole vyenye maji ya majani.

Nikakumbuka. Ule weusi uliokuwa kwenye meno ya pete mwaka juzi. Niliuita uchafu. Niliusugua kwa mswaki na sabuni nikiwa nimezungukwa na chai pande zote, nikinywa chai, na sikuijua chai.

Akaniuliza kuhusu kovu. Saa ilikuwa na pengo ubavuni, upande wa kushoto. Mashine ya kusaga ilimvuta mkono siku moja, chuma cha saa kikakwama, mkono ukapona. Alipandisha mkono wa sweta. Yeye ana kovu lake hapo hapo, chini ya kifundo cha mkono, refu na jeupe. La saa nililisugua mimi. Nilidhani ni kasoro.

Chuma nilichokisugua hakirudi. Hilo halina dawa.

Chelangat alinisindikiza hadi barabarani, nikamwambia kila kitu. Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga. Alisema, "Miaka miwili tumemwambia baba anasema uongo." Alisimama kwanza, akafuta pua na leso ileile. Kisha: "Vipande viko wapi? Tafuta, Mama Saa. Tafuta zote."

Jumamosi, 8 Machi

Sitoi kitu kwenye saa nikakitupa, hilo angalau nimelishika. Natupia mikebeni. Mikebe kumi na mmoja ya kakao na hamira, na hakuna hata mmoja ulioandikwa kitu. Niliimwaga yote juu ya shuka jeupe.

Uso niliupata mkebe wa tatu. Kahawia, alama zake rangi ya chai ya maziwa mengi, maneno ya majigambo chini yake. Nilifurahi hadi nikaongea peke yangu.

Mikono ilinitesa. Kulikuwa na jozi sita za umbo lile. Nne rangi yake ya kung'aa ni nyeupe au ya kijani, nikaziweka kando. Mbili za kahawia zilifanana kama mapacha. Nikaurudia uso kwa kioo cha jichoni. Nusu ya njia kutoka tundu la katikati hadi ukingoni kuna mkwaruzo mdogo wa mviringo, mahali mkono wa saa ulipokuwa ukigusa kila ukipita. Nikageuza mikono. Mmoja una ncha iliyopinda chini kidogo, na kwenye ncha hiyo kuna chembe ya rangi ya uso. Ni wake. Hakuna mwingine duniani.

Pete hakuna. Kifundo hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Saa ya ukutani imesimama saa nne na dakika kumi. Mchungaji alihubiri mpaka akachoka yeye mwenyewe. Katikati ya wimbo nimekumbuka pete iliko, nikaacha kuimba.

Jumatatu, 10 Machi

Sigowet, kwa Mwalimu Bett. Anafundisha hesabu na hujivunia kuwa hajawahi kuchelewa darasani. Ana saa ya aina ileile. Mwaka juzi pete yake ilivunjika, na mezani kwangu kulikuwa na pete nzuri isiyo na kazi. Niliipachika palepale akisubiri.

Nilimweleza ofisini mwa walimu, mbele ya watu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alivua saa akanipa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama Saa, miaka miwili nimetembea na mali ya wizi na sikujua. Hata wanafunzi wangu hawajanifanyia hivyo." Walimu walicheka. Nami nikacheka, nikaona haya, nikacheka tena.

Niliitoa pete kwa kisu kidogo. Namba nene. Rangi yake nyeusi imefifia ikawa kijivu. Nikaigeuza. Upande wa ndani, mahali ambapo mswaki wangu haukufika, kulikuwa na ukoko wa kahawia umejipanga kwenye mfereji wote. Niliukwangua kidogo kwa ukucha, nikautia mate, nikanusa.

Chai.

Sikuisafisha ndani siku ile kwa sababu ya uvivu. Ni mara ya kwanza uvivu wangu kunisaidia. Nilimpa Mwalimu Bett pete nyingine, na nikamwandikia kwenye karatasi nilichotoa na nilichoweka. Alisahihisha herufi moja.

Jumatano, 12 Machi

Nimeiunganisha. Uso, mikono, pete na ukoko wake wa chai ndani. Sikugusa chuma. Niliishika mkononi kwa muda mrefu. Sasa inaonekana kama kitu cha mtu.

Kifundo cha pembeni hakipo. Nimepekua mikebe mara tatu, droo, mifuko ya aproni, nyufa za sakafu. Labda nilimwekea mteja wa njiani, mtu wa Chebunyo aliyekuja kuuza mbuzi na sikumwona tena. Sijui. Silazimishi kumbukumbu, zitanidanganya.

Kwenye vitu vya Osoro kulikuwa na kifundo cha zamani cha aina ile, meno yameliwa vizuri, rangi yake imechakaa sawasawa. Nimekifunga. Kinakaa kama kilizaliwa hapo.

Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 13 Machi

Chelangat alipiga simu. "Umepata zote?" Nikasema zote.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa nini nilisema zote? Nilitaka kusikia alivyofurahi. Na nilitaka kuwa fundi tena, si mama aliyemharibia mzee wa watu. Kifundo ni kitu kidogo. Mzee ana miaka themanini na zaidi. Kikao ni cha kumwokoa, si cha kupima vifundo.

Nimeandika sababu tano. Mtu mwenye haki huwa na moja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi, nimekaa kitandani na viatu bado mguuni. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Sebuleni walikuwa Kibet, ndugu zake wawili wa Nairobi, mjomba wao, mzee mmoja wa kanisa, Chelangat na mimi. Mzee arap Kirui kwenye kiti chake, amevaa koti na kofia kama mtu anayesafiri. Nadhani alijua.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Kibet. Sikuweza. Ana macho ya mtu asiyelala. Alieleza jinsi anavyopigiwa simu akiwa kazini, kwamba baba ameonekana barabara ya Kisumu anatembea na hajui anakoenda. Mara moja imetokea hivyo, mara ya pili alikuwa anaenda tu dukani lakini watu walishaogopa. Alisema, "Mimi sitaki shamba. Mimi nataka baba asikufe kwa barabara." Halafu akataja saa. Kwamba mtu anayesahau saa aliyoivaa maisha yake yote hawezi kuachwa peke yake na jiko na ng'ombe.

Chelangat akanipa ishara. Niliweka saa kwenye meza, juu ya kitambaa. Nikaeleza kwamba mwaka juzi nilitoa vipande bila kumwambia mwenye saa, na kwamba mzee alikuwa sahihi aliposema imebadilishwa. Nikasema sasa nimevirudisha. Sauti ilikuwa imara. Najivunia hadi hapo tu.

Mzee aliichukua. Aliiweka sikioni. Aliiweka puani, akanusa ukingo wake, na hapo mabega yake yakashuka. Akazungusha pete taratibu, mara moja, mpaka alama ikakutana na mkono wa dakika. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutana na rafiki stendi.

"Hii ndio."

Chelangat alishika mdomo. Mjomba akasema kongoi, akimshukuru sijui nani. Mimi nilikuwa tayari nimeinuka nusu kutoka kitini.

Kisha kidole gumba cha mzee kikafika pembeni. Akakigusa kifundo, akakizungusha kwa ukucha, akarudia. Uso ukabadilika.

"Hii hapa pempeni sio yake."

Kibet akashusha pumzi ndefu. Hakufurahi, nataka niandike hivyo, hakufurahi hata kidogo. Alisema tu, "Mnaona? Ndio hiyo sasa. Hata akiletewa yake." Akanigeukia. "Mama Saa, si umesema umerudisha zote?"

Wote wakanitazama. Chelangat alinitazama kwa imani kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniua. Ningesema ndiyo, ningetoka pale fundi hodari, na mzee angepanda gari kwenda Nairobi. Neno moja tu. Nilikuwa nalo mdomoni. Sitaki kujisahau nikaja kudai kwamba sikuwa nalo.

Nikasema, "Mzee anasema kweli. Hicho si chake. Nilikikosa, nikaweka cha saa nyingine, na sikumwambia mtu. Nilimdanganya Chelangat."

Mjomba akauliza mzee amejuaje, maana hata yeye anakiona ni cha zamani. Mzee akashangaa swali. Cha kwake kilikuwa na jino moja limevunjika. Umeme wa kiwanda ulipopotea alikuwa anajua gizani kama kifundo kimekazwa kwa kulitafuta lile jino kwa ukucha. Alisema hivyo bila kujisifu. Nilikumbuka. Nilikuwa nimeliona lile jino mwaka juzi, na ndiyo sababu nilikitoa kile kifundo.

Kibet alikaa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto, "Baba, kwa nini hukutuambia hivyo?"

"Nilisema. Mkanipeleka hospitali."

Mzee wa kanisa alitazama kuta. Kibet alitoka nje, na kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye mistari ya chai amewapa watu mgongo, anafuta uso na tai.

Waliamua mzee abaki Kapsoit. Chelangat atahamia nyumba ya mbele. Watamtafutia daktari wa kumwangalia vizuri huo usahaulifu, kwa sababu upo, na safari hii watakaa wamsikilize anapojibu. Kibet ndiye aliyesema hilo la kumsikiliza.

Aliponisindikiza alisema, "Ni mimi nilisema itoke kama mpya." Nikamwambia ndiyo, lakini fundi nilikuwa mimi. Tukaachana hivyo, kila mtu na mzigo wake, mwepesi kidogo kuliko alivyokuja nao.

Chelangat hakunisindikiza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimenunua daftari na bahasha za kaki. Kila saa sasa ina ukurasa wake: kilichotoka, kilichoingia, nani ameonyeshwa. Mteja wa kwanza aliuliza bahasha ya betri iliyokufa ni ya nini. Nikamwambia ni yake. Aliondoka akitikisa kichwa.

Nimeandika pia mikebe. Mitatu tayari, minane bado.

Chelangat hajapiga simu. Ana haki.

Alhamisi, 20 Machi

Saa ya kanisa imerudi. Imelowa.

Jumamosi, 22 Machi

Chelangat alipita kibandani na lita mbili za maziwa. Aliweka chupa mezani, akasema baba ameuliza kama yule mama wa saa amekufa. Nikasema bado. Alisema basi nije. Hakutabasamu sana, ila alikaa mpaka mvua ikaisha, na mvua ilikuwa ndefu.

Jumapili, 30 Machi

Kapsoit baada ya kanisa. Jua dogo, majani yamenawiri, wachumaji wamepumzika.

Mzee amevaa saa. Mkanda mpya, alichagua mwenyewe. Niliomba msamaha tena kwa yale ya kovu na yale ya kifundo. Nikamwambia nimeuliza mafundi wa Bomet na Kisii, naendelea kukitafuta kile chake chenye jino lililovunjika, na kama kipo nitakipata.

Alikizungusha hicho cha Osoro kwa ukucha, kama anavyofanya sasa kila wakati, Chelangat anasema.

"Wacha. Hii mgeni ikae. Itazoea."

Kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kisii, lakini nilikuja Kericho kabla sijazaa mtoto wangu wa kwanza, na huyo sasa ana watoto wake. Kila uchaguzi ukikaribia nafunga begi langu, nikihofia sisi wa kuja tutafukuzwa, ukipita nalifungua tena, na nguo zimekunjamana bure. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Sijawahi kumwambia mtu wa hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza tena kwetu ni wapi. Nikamwambia tena. Sikuona uzito.

Chelangat alikuwa anatia majani kwenye sufuria. Mzee alimwona. Akazungusha pete mpaka alama ikakutana na mkono wa dakika, akaweka mkono juu ya goti, akatulia. Mkono ulitembea ulivyotembea. Akanusa hewa.

"Sasa," akasema, na Chelangat akaepua.

Nilikunywa vikombe viwili, na sukari.